Ng'ombe wa Kwenye Picha

Sokoni Garsen, dalali alikuwa na maneno mawili ya kumlainisha mnunuzi: kama yule. Unamshika mgeni mkono, unamwonyesha ng'ombe mzuri wa mtu yeyote, unamwambia nitakutafutia kama yule. Mnunuzi anajua, mwenye ng'ombe anajua, na hakuna aliyewahi kuitwa mwongo.

Hirbo aliishi kwa maneno hayo miaka ishirini na tano. Kisha wakubwa wa serikali wakaja na semina kutoka Hola, wakala wali, wakasema biashara sasa ni simuni, wakapanda gari lao wakaenda. Nani alibaki kumfundisha mtu asiyejua kusoma? Hirbo akajifunza mwenyewe kupiga picha na kutuma sauti. Picha ya kwanza aliyoitia kwenye grupu la wanunuzi wa mifugo ilikuwa ya ng'ombe mweupe aliyekuwa kwa shemeji yake Kadra, kule Minjila. Akasema kwa sauti, "Ninao kama huyu."

Ng'ombe huyo alitoka zizini mwa marehemu mkewe, Dahabo. Alipokuwa hai, Dahabo alimwazima Kadra, dada yake, amkamue, watoto wapate maziwa, vile Waorma wanavyoazimana tangu mababu. Mwenyewe akitaka anamchukua. Lakini ni nani mwenye haya zake atakayetaka?

Siku ya tatu Sadiq, mnunuzi wa Mombasa, akafika na lori. Hirbo akamwonyesha ng'ombe watatu weupe. Sadiq akatoa simu.

"Mzee, mimi nimefuata huyu, mwenye baka jeusi sikioni. Hawa ni binamu zake?"

Madalali wakacheka. "Hirbo siku hizi anauza picha," mmoja akasema. "Niuzie na mimi kivuli."

"Hapa tunasema kama huyu," Hirbo akajitetea.

"Simuni hakuna kama," Sadiq akasema. "Nikisema kwenye grupu wewe ni tapeli, nani atakupigia tena?"

Hirbo akapanda bodaboda hadi Minjila. Njia nzima ukweli ulikuwa mdomoni. Kadra alipomkaribisha kwa kikombe cha maziwa, ya ng'ombe huyo huyo, ukweli ukateremka tumboni pamoja na maziwa.

"Shemeji, wakubwa wa Hola wanataka ng'ombe wakachanjwe. Ijumaa huyu watamrudisha."

"Hao hawakosi jambo," Kadra akasema. Akamfunga kamba mwenyewe, akamkabidhi. Ndama akabaki akilia.

Ijumaa ikapita. Kila aliyeuliza, Hirbo alimjibu waulizeni wakubwa, na uongo ukakubalika upesi mno, maana hakuna asiye na donda lake kwao. Jumatatu asubuhi akamkuta Kadra stendi ya Garsen, amekaa ndani ya gari la Hola na wanawake watano wa Minjila, na mikeka yao. Walikuwa wameapa kukaa mlangoni pa ofisi mpaka ng'ombe atoke.

"Afadhali umekuja, shemeji. Panda. Shahidi ni wewe, wewe ndiye uliyempeleka."

Hirbo alikuwa amewalaumu wakubwa kwa mafuriko, kwa barabara, na kwa ambulensi iliyokosa mafuta siku aliyokufa Dahabo. Katika hayo hakurudi nyuma, na mpaka leo harudi. Lakini hili halikuwa lao.

"Shuka, Kadra. Ng'ombe hayuko Hola. Nimemuuza mimi."

Makanga akaacha kugonga bati.

"Dada yangu akikata roho," Kadra akasema polepole, "aliniambia, Hirbo ana mdomo mchungu, lakini hana mkono mrefu."

Hirbo akatia mkono mfukoni, zilimokuwa fedha za Sadiq. Kadra akautazama ule mkono mpaka ukatoka mtupu.

Akashuka, akakunja mkeka wake kwapani, akashika njia ya Minjila kwa miguu. Wenzake wakashuka nyuma yake, mmoja mmoja, wakampita Hirbo kama wanavyopita nguzo. Naye akawafuata kwa mbali. Kuwakaribia hakuweza, na kubaki pale stendi hakuweza.