Kabati la Msumari

Mtaa mzima ulimwita Msumari. Alikuwa seremala wa makabati ya vioo, na nyumba nyingi za jirani zilikuwa na kazi yake sebuleni, vikombe vimepangwa vinangoja wageni. Kwake mwenyewe vyombo vilikaa kwenye maboksi chini ya kitanda. Kinyozi hajinyoi. Mkewe alipolalamika alijibiwa, "Lako linakuja, mke wangu. Subira yavuta heri." Subira ilivuta mpaka ikachoka, na kilichokuja ni kiharusi.

Kilimwacha hai, lakini mkono wa kulia ukawa wa kubebwa tu, kama mtoto aliyelala, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Kutwa alikaa kitini karibu na dirisha, ameukazia macho ukuta. Chakula alionja vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani. Wageni hakuwataka, alisema pole zao zinamfanya ajione marehemu.

Mkewe alifua mashuka hospitalini. Alirudi alasiri, mgongo unawaka, viganja vimekunjamana kwa maji. Siku moja alikuwa akisogeza mbao zilizoegemezwa nyuma ya mlango ili afagie, ubao mmoja ukamponyoka.

"Polepole," mumewe akasema. "Huo ni wa kabati lako."

Tangu atoke wodini hakuwa ametamka maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Mke akauokota ubao, akamtazama.

"Haya, fundi. Naanzia wapi?"

Hakuwa na hamu ya kabati. Hamu ilikwisha zamani, kama njaa ya mtu aliyengoja chakula mpaka usingizi ukampitia. Alichotaka ni kusikia sauti ya mtu humo ndani.

Basi ikawa akirudi kazini anavua viatu, anashika msumeno. Msumari alielekeza kwa kidevu na kwa mkono wa kushoto. Msumeno uligoma katikati ya ubao.

"Usiukandamize. Uache ule wenyewe."

"Wenyewe umeshiba, mume wangu."

Kwenye randa mambo yakawa mabaya zaidi. "Unapiga randa hapo," akauliza Msumari, "au unapara samaki?" Akacheka kwa nusu ya mdomo, mate yakamtiririka. Mkewe akampangusa kwa upindo wa khanga uliojaa unga wa mbao, na jioni nzima fundi akashinda na ndevu za njano asizozijua. Siku hiyo alimaliza sahani.

Wifi yake, dada wa Msumari, alikuwa mshonaji. Alikuja kushika upande wa pili walipounga fremu kwa gundi na skrubu. Waliposimamisha, akarudi nyuma hatua moja.

"Wifi, mbona hili linayumba kama mlevi?"

"Muulize kaka yako."

"Sakafu ndiyo mbovu," Msumari akasema, na wakachomeka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, lisimame.

Wakaja kwenye vioo. Muuza vioo aliwakatia rafu tatu kwa vipimo walivyompelekea, wakazibeba wawili, zimeviringishwa blanketi. Ya kwanza ikaingia, ikatulia juu ya vibao vyake. Ya pili nayo. Ya tatu ikakwama kidogo. Ilifaa mke aitoe, apunguze ubao kidogo, ajaribu tena. Lakini alikuwa amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba, akaisukuma kwa kiganja. Kioo kikalia *ta!* kikapasuka pembe hadi pembe.

"Nilikwambia usisukume," Msumari akasema.

"Hukuniambia!" Sauti ilimtoka mwanamke huyo hadi mwenyewe akashtuka. "Nafua mashuka ya hospitali nzima, nakuja nakuogesha, nakuvalisha, halafu nipige randa! Silitaki kabati lako! Nililitaka nilipokuwa na nguvu za kupangusa vikombe. Sasa nataka kulala. Unasikia? Kulala tu!"

Wifi akainamisha uso, akatazama ndala zake. Msumari akamgeukia mkewe.

"Najua hulitaki," akasema. Maneno yalitoka moja moja, na ilibidi kuyangoja. "Mimi ndiye ninayelitaka. Nikikaa kimya, naogopa. Nikikuonyesha kazi, nasahau kidogo." Akameza mate. "Na kweli. Sikukwambia."

Mkewe akajikalisha sakafuni katikati ya maranda. Hakulia, hata machozi yanataka nguvu. Wifi ndiye aliyeokota vipande vya kioo, akavitia kwenye boksi, kisha akashika kiuno.

"Sikilizeni. Siku za kazi wifi yangu akirudi, analala. Kabati litangoja siku yake ya mapumziko. Siku hizo za kazi nitaleta cherehani yangu hapa, kaka, uniamrishe mimi."

"Mimi sijui kushona."

"Na yeye useremala aliujua? Mbona hukumwacha?"



Wakaenda hivyo, polepole. Rafu ya tatu wakaiweka ya plaiwudi. Milango ikafungwa bawaba, mmoja ukawa unakwaruza chini na kulia kama mbuzi. Siku ya kutoa vyombo maboksini wakakuta nusu ya vikombe havina vishikio. Mke akavipanga hivyo hivyo, upande uliovunjika ukielekea nyuma. Bilauri ya mwisho aliishika Msumari kwa mkono wa kushoto. Iligonga mlango, ikagonga ubao. Wanawake wawili wakasimama bila kumsaidia mpaka ikakaa kwenye kioo.

Akapumua. Akalitazama kabati juu mpaka chini.

"Mlango unakwaruza."

"Uache ukwaruze."

"Randa kidogo tu, nikuonyeshe..."

"Baba," mkewe akamkatiza.

Msumari akaegemea kiti. Lakini hakumaliza hata dakika.

"Kesho je? Tuanze stuli?"

"Kesho tunalala," mkewe akasema. Alikuwa ameshajinyoosha kwenye mkeka, macho ameyafumba, nyayo zake zimeegemea ubao wa kabati.