Vifuniko vya Kabati la Tatu

Joto la chumba cha seva cha hospitali lilipanda tena kabla ya saa sita mchana, na kwa mara nyingine macho yote yakamgeukia Baridi. Ndivyo walivyomwita fundi wa viyoyozi, maana hata kwenye jua la utosini alitembea na sweta. Meneja alikuwa amefura. "Seva mbili zimejizima, wagonjwa wamejazana mapokezi hawana majibu ya vipimo. Kama ni kiyoyozi, leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa."

Maneno hayo hakumwambia Baridi. Alimwambia Dada Seva, mtunza mashine, kwa kuwa ndiye aliyemleta Baridi kazini, na Baridi ni mdogo wake wa toka nitoke.

Na mwanamke huyu, tusimwonee, alishazoea. Tangu utotoni, Baridi akivunja, dada anaokota. Baridi akikosa, dada anaomba radhi. Kwa hiyo aliingia mle chumbani ameshamhukumu moyoni.

"Kiyoyozi changu kizima, dada," Baridi alisema. "Weka mkono."

"Wimbo huo nimeusikia tangu juzi."

"Sasa si uweke mkono?"

Akauweka. Hewa ilikuwa baridi ya kuuma vidole. Akaona aibu kidogo, lakini joto lilikuwepo, na lazima lilikuwa na linakotoka. Akayapitia makabati ya chuma moja moja. Mbele, mashine zinapovuta hewa, panatakiwa pawe baridi. Nyuma, zinapoitema, ndipo pawe na joto. Kabati la kwanza sawa, la pili sawa. La tatu lilimpulizia usoni kama sufuria iliyofunuliwa. Akachana ukanda wa karatasi, akauning'iniza mbele ya nafasi tupu kati ya seva mbili. Karatasi ikapeperuka kumwelekea yeye. Kumbe hewa ya moto ilikuwa inapenya kwenye nafasi hizo kutoka nyuma, na mashine zinavuta upya joto lao wenyewe.

"Vifuniko vya hapa viko wapi?"

Baridi akatazama viatu vyake. "Nilivitoa mimi. Wiki iliyopita ulilalamika mashine zako zina joto joto. Nikaona zimebanwa, nikasema nizifungulie zipumue. Nilikuja siku yangu ya mapumziko, nilitaka ukute mambo yameshanyooka."

Miaka yote Dada Seva alitamani mdogo wake afanye jambo bila kusukumwa. Haya, kafanya, na ndilo hili. Alimpenda mno wakati ule, na papo hapo alitamani kumzaba kofi.

Meneja akachungulia mlangoni. "Mmepata?"

"Tumepata. Vifuniko vilitolewa, hewa ya moto inarudi mbele. Nilivitoa mimi," Dada Seva akajibu bila kupepesa. "Kiyoyozi hakina kosa."

Meneja akaguna, akaenda zake. Dada mtu akashusha pumzi, akageuka akitegemea walau asante. Alikuta uso wa Baridi umekunjamana.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Wewe, utafukuzwa."

"Basi nifukuzwe. Nina watoto wawili, dada. Utanibeba mgongoni mpaka lini?" Hakupandisha sauti. Akatoka, akamfuata meneja ofisini.

Kupitia kioo cha mlango Dada Seva aliwaona wakizungumza. Meneja alikuwa amesimama, anatikisa kidole. Miguu ilimwasha kwenda kumtetea mdogo wake, lakini alijua akithubutu leo, Baridi hatamsamehe. Akabaki pale na bisibisi mkononi.

Baridi akarudi amekumbatia vifuniko, kavitoa stoo alikokuwa amevihifadhi.

"Kasemaje?"

"Nimepewa onyo. Nikigusa tena kabati bila kuuliza, naondoka." Akanyoosha mkono. "Lete bisibisi, nafunga mwenyewe. Na wewe anakuita. Anataka kujua kwa nini umemdanganya."

Dada Seva akampa bisibisi, akaenda.