Margė Hakuambiwa

Kuku walikubali kuhama. Tuliwatia kwenye magunia, wakapiga kelele zao za kila siku kama watu wanaodhulumiwa, na kufika kwetu wakaanza kudonoa. Mizinga ya nyuki tuliifunika kwa majani makavu, milango yake tukaibana libaki tundu la kupita nyuki na si panya. Nguruwe alikuwa nyama tayari, ananing'inia kwenye moshi. Aliyebaki ni ng'ombe mmoja tu, Margė, naye alisimama mlangoni mwa banda akakataa kuvuka kizingiti.

"Msukume, Algis!" nilimwambia mume wangu.

"Nimsukume vipi tena? Mimi si trekta."

"Kwenye kula mbona unakuwa trekta?"

Uršulė, jirani yangu na mwenye ng'ombe, hakucheka. Siku nyingine angecheka. Alisimama ndani ya koti la marehemu mumewe, Kazys, mikono ya koti imemeza vidole vyake. Kesho yake binti yake angekuja kumchukua, akakae naye mjini Kaunas majira yote ya baridi, karibu na daktari wa moyo. Sisi tungemtunzia wanyama kwetu, ng'ambo ya msitu, kwa sababu theluji ikishaanguka njia ile haipitiki. Binti alikwisha sema: Margė asipotoka leo, kesho lori la mchinjaji litapita. Na Margė, Uršulė alimlea kwa chupa tangu ndama.

Tulimjaribu kwa mkate mweusi uliopakwa chumvi. Akala mkate, akabaki palepale. Shingo yake ilikuwa imegeukia nyuma, kwenye kona yenye giza ambako Kazys alizoea kutundika ndoo.

Hapo nikaanza kushuku. Kwetu, mwenye nyumba akifa, mtu wa nyumba ile huenda bandani kabla jeneza halijatoka, akagonga nguzo, akawaambia wanyama. Kisha huenda akagonga mizinga, akawaambia nyuki. Mnyama asiyeambiwa huendelea kumngoja bwana wake, na maiti anayengojwa hapati njia ya kwenda.

"Uršulė," nilisema, "mwaka jana ulisema umewaambia."

"Nilikwambia hivyo, ndiyo."

"Sikuulizi uliniambia nini mimi. Wao uliwaambia?"

Aliitazama nguzo ya banda. Algis akavua kofia, akasema anakwenda kuangalia tela. Wanaume wana adabu yao ya kukimbia.

"Nilifika mpaka hapa," Uršulė alisema. "Nikainua mkono nigonge. Nikaona nikishasema, basi, yamekwisha. Nikavaa koti lake, nikakaa nikakamua. Margė akatulia. Nikadhani kwa lile koti amenidhania Kazys."

"Ukadhani?"

"Baada ya matanga, Genė, kila asubuhi nikawa nakikuta kigoda cha kukamulia kimeshawekwa mahali pake. Mimi nakiacha ukutani. Haya, tazama mwenyewe."

Nikatazama. Margė aliinua masikio, akasogeza makalio upande, taratibu, vile ng'ombe anavyompisha mtu mwenye ndoo. Akasubiri kidogo, akarudi alipokuwa. Hakupita mtu. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno.

"Hupita kila siku," alisema Uršulė, kwa sauti ya mtu anayesifu chai. "Ndiyo maana sikuwa mpweke."

Hofu yangu ikageuka hasira. "We mwanamke! Juzi tumewasha mishumaa kaburini kwake, umenishika mkono unalia, kumbe umemfungia bandani?"

"Usinipigie kelele mbele yake."

"Na wewe ukienda, atakaa na nani? Na panya? Nyumba imezimwa moto, banda tupu, atampita nani hapa?"

Nilimchoma. Alikuwa amefikiria dawa, funguo, mizinga, na hata maziwa ya paka, lakini hakuwa amefikiria kwamba Kazys angebaki peke yake. Aliketi kwenye kile kigoda, akalia hadi koti likatikisika. Nikasimama pembeni, najuta ukali wangu.

Mwisho akainuka. Alilivua koti, akalitundika kwenye msumari wa ndoo, akagonga nguzo.

"Margė," alisema, "bwana wako Kazys amefariki. Alifariki mwaka jana, tukivuna viazi. Usimngoje." Akagonga tena. "Na mimi simngoji."

Margė alilia mlio mrefu wa tumboni, kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Kisha akashusha kichwa, akavuka kizingiti, akapita katikati yetu mpaka kwenye tela. Mlango wa nyuma wa banda ukafunguka wenyewe. Upepo, alisema Algis baadaye, lakini siku ile hata moshi wa jiko ulikuwa umesimama wima. Uršulė alipogonga mizinga, nyuki walivuma mara moja, wakanyamaza.

"Umesahau koti," nilimwambia tulipofunga.

"Si langu." Akanishika mkono. "Mwenzangu, mtu wa nyumba hii sasa ni wewe. Likinikuta la kunikuta, waambie mapema. Usinifanye nilivyomfanya Kazys."

"Toka hapa! Theluji ikiyeyuka utarudi kunisumbua kama kawaida yako."

"Niahidi kwanza."

Nikaahidi, huku nimemnunia.

Margė alituzoea haraka. Uršulė alipiga simu kila Jumapili, akilalamika kwamba maziwa ya mjini ni maji yaliyooshewa ndoo. Nilimwambia ng'ombe wake ni mlafi kumshinda Algis, naye alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi moja theluji imefika madirishani, nilikuwa nakamua. Margė akaacha kutafuna. Akainua masikio, akasogeza makalio upande, taratibu, akampisha mtu. Ndani ya nyumba simu ikaanza kuita.

Sikuikimbilia. Niliweka ndoo chini, machozi yananitoka, nikagonga nguzo.

"Margė," nilisema, "bibi yako Uršulė amefariki. Usimngoje."

Kisha niliufungua mlango wa banda wazi kabisa, baridi yote ikaingia, nikasimama kando ili apite.