Ushahidi wa Mzee Galma

Mzee Galma alitoka Garbatulla alfajiri, amevaa koti lake la Idi. Kamati ilikuwa imekuja Isiolo kuchukua maoni ya wananchi: je, katiba izitambue lugha za makabila, zitumike maofisini na hospitalini? Mzee alikuwa na lake la kusema, na alikuwa amelibeba moyoni miaka miwili.

Binti yake Gumato alifunga duka lake la nguo pale Bulla Pesa, akaenda kuketi naye ukumbini. Jina lilipoitwa, mzee akasimama na kuanza kwa Kiborana, lugha pekee aliyoijua. Alieleza jinsi mkewe Talaso, siku aliyofariki, alivyomshika nesi mkono, akamwambia kwamba sindano ya aina ile iliwahi kumfunga koo, nusura afe. Nesi hakujua Kiborana. Alimpapasa begani, akamdunga. Galma alikuwa papo hapo, akipiga kelele kwa lugha ileile.

"Mzee, Kiswahili tafadhali," mwenyekiti akamkatiza.

"Hakijui," Gumato akasema, akisimama. "Nitamtafsiria."

"Haya, lakini dakika zake zimekwisha. Kwa ufupi."

Gumato aliwahi kuwatafsiria wagonjwa wengi wa watu. Siku mama yake anadungwa, yeye alikuwa mjini anauza madera. "Mama yangu..." akaanza, kilio kikamkaba. Wakangoja kidogo, kisha kipaza sauti kikapewa mwingine.

Ripoti ilitoka baada ya miezi minne. Gumato alichapisha kurasa za Isiolo, akazipekua zote. Akapata mstari mmoja tu: "Mzee mmoja alizungumza kwa lugha ya mama."

Akampelekea baba yake hivyo hivyo, maana alikuwa amemwahidi.

"Nisomee," mzee akasema.

Gumato alikodolea macho mstari ule. Kisha akasoma kwa Kiborana: mkono wa nesi, koo, sindano. Alisoma polepole, kidole kikitambaa kwenye karatasi, hata akageuza ukurasa.

"Jina lake wameliandika?"

"Wameliandika, Abba."

Mzee Galma akajifunika uso kwa kilemba, mabega yakamtikisika. Alipotulia, akatuma watu wawaite majirani, nao waje wasikie serikali imeandika nini kuhusu Talaso.

Wakaja, wakajaa uani. Gumato akasimama mbele yao na karatasi zake, akaanza upya.