Mabehewa Yaliyosimama Mjini

Shangazi yangu alikuwa mkunga, na mumewe mlinzi wa geti la reli. Mji wetu ulikatwa na reli katikati: nyumba huku, zahanati kule. Treni ya mizigo ilipokaribia, mumewe, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Geti, aliteremsha kizuizi, nasi tukasimama. Siku hizo hakuna aliyekasirika. Mabehewa yalipita polepole, ya kutu, ya buluu, ya kutu tena, mpaka ukahisi ni wewe unayesogea na dunia nzima imetulia. Watu walishika vikapu vyao, macho yamelegea, kama waliosinzia wima.

Kisha tangazo likabandikwa ukutani mwa zahanati. Serikali ilitaka kupunguza malori barabarani. Reli ya pili ingejengwa kando ya ile ya kwanza, na treni zingeongezeka kutoka nne kwa siku hadi thelathini. Mji ukachemka. Shangazi akapita nyumba kwa nyumba na daftari akikusanya sahihi za kupinga, mpaka akaifikia nyumba yake mwenyewe.

"Weka sahihi, mume wangu."

"Mimi nala kwa reli, mama. Nikisaini tu, kibarua kimeota nyasi."

"Na treni thelathini zikipita, mimi nitavuka kwa mbawa zipi?"

Kwa wiki mbili walikula meza moja kama wapangaji.

Alasiri moja ya manyunyu, treni ndefu isiyo na mfano ilisimama mjini ikisubiri taa. Behewa la mwisho halikuonekana. Ukungu ulikuwa umelimeza. Upande huu, mke wa fundi viatu alishikwa na uchungu, akafikishwa getini kwa pikapu. Upande ule, Shangazi alitoka zahanati mbio na mkoba wake, akakutana na ukuta wa chuma.

"Usipite kati ya mabehewa!" Bwana Geti alipiga kelele. "Ikishtuka tu, umekwisha!"

"Basi izuie!"

Kazi yake ilikuwa geti, si treni. Lakini alichomoa bendera nyekundu. "Ngoja filimbi yangu!" akasema, akaanza kukimbia kuelekea kwenye injini. Alitusimulia baadaye kwamba alihisi anakimbia ndani ya maji, kila behewa likizaa jingine, na hakusikia hata viatu vyake. Alipofika mbele, taa ilikuwa imeshageuka kijani. Akasimama katikati ya reli, bendera juu, akapuliza mara tatu. Sauti ilitufikia nyembamba, kama ya ndege aliyepotea. Shangazi akainama, akapenya.

Mtoto wa kike alizaliwa kwenye kibanda cha geti, juu ya koti la kazi la Bwana Geti. Treni ilikaa dakika arobaini. Dereva alishuka kuja kufoka, akaambiwa kinachoendelea, akavua kofia.

Barua ya kumwonya Bwana Geti kwa kusimamisha treni ilifika wiki ileile ya mkutano wa hadhara kuhusu reli ya pili. Katika ukumbi wa shule, mhandisi kutoka wizarani alitandaza ramani. Shangazi alikuwa ameandika hotuba ya kurasa nne, lakini kabla hajainuka, mumewe alikwisha simama, amevaa sare.

"Mheshimiwa, mizigo siikatai. Malori yanaua watu, hilo najua. Lakini geti langu kwenye ramani yako ni kinukta, na kwenye kinukta hicho mtu amezaliwa. Chimbeni njia chini ya reli, gari la wagonjwa lipite. Ndipo mlete treni zenu."

"Njia ikichimbwa, geti halitahitajika," mhandisi alisema taratibu. "Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Shangazi akakunja hotuba yake, akamsogezea mumewe kiti.

Hatukushinda yote. Reli ya pili ilijengwa, nyumba kumi na moja zikahamishwa, na usingizi wa mchana umekuwa wa mang'amung'amu. Lakini njia ilichimbwa kwanza. Bwana Geti alipelekwa stoo ya vipuri, chumba kisicho na dirisha.

Siku njia ilipofunguliwa, walishuka wawili, wameshikana mikono. Mizigo ikapita juu yao, nzito, ya mbali, kama radi ya nchi nyingine.

"Unajuta?" Shangazi aliuliza.

"Stoo ina vumbi," akajibu. "Nitazoea."

Wakaendelea kutembea, hawana haraka, mpaka wakatokea upande wa pili, juani.