Vumbi la Mkwe

Kwa miaka thelathini na miwili Mama Kinu aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na mashine hiyo ndiyo iliyompa jina. Aliamka na unga, akashinda na unga, na binti yake alikuwa akimtania kwamba hata ndoto zake bila shaka ni nyeupe. Kisha goti lake la kulia likamgomea. Daktari akalipasua, akalitengeneza, akamwonya asije akasimama kutwa nzima tena. Mashine akamwachia mdogo wake, na yeye akachukuliwa na bintiye akauguze goti kwake.

"Pumzika, mama," binti alimwambia siku ya kwanza, akimwekea mto chini ya mguu. Siku ya pili akamwambia vilevile. Siku ya tatu Mama Kinu akausukuma mto pembeni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Jembe langu liko wapi?"

"Jembe lako ni hiyo redio," binti akajibu, akarudi zake kazini huku akicheka.

Kazi yenyewe haikuwa mbali. Binti alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho alichoshonea. Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa banda la gari upande wa nyuma. Gari hawakuwahi kuwa nalo, basi banda likapata kazi nyingine. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na ukumbi mwembamba wenye mlango huku na mlango huku, na hapo ndipo kiti cha Mama Kinu kilipowekwa. Sikio la kushoto lilisikia cherehani, la kulia likasikia msumeno.

Sasa, mtu aliyeishi na mashine maisha yake yote haisikii mashine kama wewe na mimi. Husikia kama mama anavyosikia kilio cha mtoto: huyu ana njaa, huyu ana usingizi, huyu anadeka tu. Mama Kinu aliusikia msumeno wa meza, akaridhika nao. Akaisikia randa ya umeme, akaona visu vyake vimeanza kuwa butu ila si vibaya. Lakini nyuma ya sauti hizo mbili palikuwa na ya tatu iliyomkosesha raha. Ilikuwa mashine ya kufyonza vumbi, feni yenye mota na mfuko mkubwa wa kitambaa juu yake. Ililia kwa sauti nyembamba, kali, kama mtu anayelazimishwa kunywa uji mzito kwa mrija.

Mchana wa siku hiyo, walipokuwa wakila, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, ile mashine yako ya vumbi haipumui."

"Ndiyo, mama," seremala akasema, macho yakiwa kwenye sahani.

"Itazame."

"Ndiyo, mama."

Hakuitazama. Mkwe huyo alikuwa mtu mwema, mchapakazi, asiye na neno na mtu. Lakini heshima yake kwa mama mkwe ilikuwa nyingi mno. Miaka kumi ya ndoa hakuwahi kubishana naye, wala kucheka mbele yake, wala kukaa naye chumba kimoja zaidi ya muda wa kula. Ile "ndiyo, mama" yake ilikuwa kama mlango unaofungwa taratibu usoni mwako: huwezi kulalamika kwamba umebamizwa, lakini uko nje.

Siku ya tano balaa likazuka. Binti alikuwa amemaliza kushona gauni la harusi la mwalimu mmoja wa shule ya jirani, gauni refu, jeupe pepepe, akalitundika ukutani lijinyooshe. Alipolirudia baada ya chakula, lilikuwa limepata rangi ya chai ya maziwa. Seremala alikuwa akipasua mbao nyekundu asubuhi nzima, na vumbi lake, laini kama poda, lilipita chini ya milango yote miwili likajilaza mabegani mwa bibi harusi.

Binti hakupiga kelele. Alilichukua gauni mikononi kama mtu abebaye mgonjwa, akasimama nalo kwenye mlango wa karakana.

"Mume wangu," akasema, "nakupenda. Lakini nakupenda bila vumbi."

Seremala akazima msumeno. Alikuwa mwekundu kope na nywele, na kitambaa alichojifunga puani kilikuwa kimebadilika rangi. "Mke wangu, nimefanya nini tena? Mashine nimenunua. Mlango nafunga. Chini ya mlango nimeweka gunia. Labda mota ni ndogo. Itabidi nitafute kubwa zaidi."

"Mota haina kosa," sauti ikasema kutoka ukumbini.

Wote wawili wakageuka. Mama Kinu alikuwa ameshasimama, mkongojo mkononi. "Nipitisheni nikaone."

Binti alitaka kumzuia, seremala alitaka kumletea kiti, na wakati wanagongana mlangoni yeye alishapita. Akakaa juu ya kreti iliyofudikizwa, akanyoosha mguu, akaitazama karakana. Jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa dirisha moja dogo, na mwanga wake ulikata chumba kama ubao wa dhahabu. Ndani ya mwanga huo vumbi lilielea, zito, halina haraka ya kwenda popote.

"Binti yangu, tundika gauni chumbani kwangu, kisha niletee unga, kiganja kimoja. Wewe baba, washa hiyo mashine ya vumbi peke yake."

Seremala akawasha. Mama Kinu akaomba asogezwe karibu na msumeno wa meza, akanyanyua unga kidogo kwa ncha za vidole mbele ya mdomo wa bomba. Unga ukasita, ukayumba, ukaanguka sakafuni. Akafuata bomba taratibu kwa mkongojo wake. Lilikuwa la plastiki lenye mikunjo mikunjo, limezunguka ukuta, limepanda juu ya dirisha, limeshuka nyuma ya kabati, limejipinda kama utumbo. Kila penye kiungo akanyanyua unga, na kila penye kiungo unga ukanyakuliwa na kutoweka ndani ya ufa.

"Umeona?" akasema. "Inakula njiani. Ikifika mezani imeshashiba."

"Ndiyo, mama," seremala akasema, lakini safari hii aliinama akachungulia ule ufa.

"Kona ngapi?"

Akahesabu. "Saba."

"Hewa ni kama mimi na goti langu. Njia iliyonyooka naiweza; kila kona nasimama kutweta. Na kwa nini mashine yenyewe umeiweka kule mwisho?"

Seremala akajikuna kichwa, vumbi likamwagika. "Soketi ndiko iliko, mama."

Binti akaziba mdomo kwa kanga yake. Mama Kinu naye akajikaza asicheke, akaunyooshea mkongojo ule mfuko wa kitambaa. "Na huo, umeukung'uta lini?"

"Ukijaa namwaga."

"Kumwaga si kukung'uta. Kule kwangu tuna mifuko kama hiyo ya kutolea hewa na kubakiza unga. Mfuko ni pafu. Vumbi laini likijishindilia ndani ya kitambaa, hewa haina pa kutokea, na isipotoka haiingii nyingine. Jifunge barakoa nzuri, siyo hicho kitambaa, uutoe nje ukaupige kama godoro la kikojozi."

Akautoa. Alipoupiga kwa fimbo nje ya banda, wingu lilipanda mpaka majirani wakaanua nguo. Aliporudisha mfuko na kuwasha tena, sauti ya mashine ilikuwa imeshuka, nene zaidi. Seremala alisimama kusikiliza. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama mkwe wake usoni moja kwa moja. "Kumbe," akasema.

Wakaanza kazi kesho yake. Seremala alihamisha mashine katikati ya ukuta, karibu na msumeno, na fundi umeme akaja kuvuta soketi mpya. Ule utumbo ukang'olewa, mahali pake pakawekwa mabomba ya plastiki magumu, laini ndani, yale ya maji machafu. Palipohitaji kona, Mama Kinu alikataa kona ya kiwiko, akataka mbili za mshazari zifuatane, hewa igeuke bila kujua kwamba imegeuzwa. Kwenye kila tawi, moja la msumeno, moja la randa, seremala akatengeneza kilango cha ubao mwembamba cha kuteleza. Mashine unayotumia unaifungulia, nyingine unaifunga, nguvu yote ije upande mmoja. Viungo vyote vikazibwa. Sanduku la chini ya msumeno, lililokuwa wazi pande tatu, likazungushiwa mbao likabaki na upenyo mdogo tu. Na kila hatua Mama Kinu alipita na unga wake.

"Huu unga tutaula lini?" binti akauliza toka mlangoni, gauni likiwa limesafishwa kwa brashi laini, uzi mmoja mmoja.

"Acha. Hapa sasa hivi unafanya kazi kuliko wewe."

Jambo la mwisho lilikuwa la Mama Kinu mwenyewe, na alilisubiri kwa hamu kama mpishi anayetaka kukuonjesha chungu chake. Alitaka pipa likae kati ya msumeno na feni, lenye kifuniko kinachobana, bomba la kuingilia likiwa ubavuni, ili hewa izunguke ndani kwa kasi na vipande vizito vianguke chini. Kisha hewa nyepesi itoke juu katikati iende kwenye mfuko. "Nimefanya kazi na pipa kama hilo miaka thelathini na miwili," akasema. "Halijawahi kunitia aibu."

Seremala alikuwa na pipa kubwa la plastiki lililokuwa la maji. Alisita. Akalibonyeza ubavu kwa kidole gumba, likabonyea. Alifungua mdomo, akaufunga. "Ndiyo, mama."

Wakalifunga. Wakawasha. Mwanzo lilikwenda vizuri. Maranda yalisikika yakizunguka ndani kama mvua. Mama Kinu akatabasamu. "Sasa funga vilango vyote viwili, tuone kama kuna panapovuja."

Seremala akafunga kimoja, akafunga cha pili.

Pipa likapiga yowe. Likajikunja tumbo, likapinda kiuno, likasinyaa kama chupa ya maji iliyonyonywa na mtoto mwenye kiu, kisha kifuniko kikachomoka na maranda yote yaliyokuwamo yakarukia hewani. Yalipotulia, Mama Kinu alikuwa amekaa palepale juu ya kreti, wima, mkongojo mkononi, amefunikwa toka utosini hadi vidole vya miguu.

Seremala alisimama ameduwaa, mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akageukia ukuta kwa adabu, lakini ukuta haukumsaidia. Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, akalazimika kushika meza.

"Nisamehe, mama," akasema, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu. "Nisamehe, nisamehe."

Mama Kinu akatema maranda. "Cheka, mwanangu. Kosa ni langu. Kule kinuni feni inasukuma hewa kuingia pipani. Hapa inavuta. Pipa linalosukumwa litavimba tu, linalovutwa linasinyaa. Miaka thelathini na miwili, na hilo sikulifikiria." Kisha naye akaanza kucheka, na binti alipokuja mbio akidhani nyumba imeanguka, aliwakuta wawili hao wanafutana machozi, hakuna anayeweza kumweleza kitu.

"Nilijua litabonyea," seremala alikiri baadaye, wakinywa chai. "Nililijaribu kwa kidole."

"Ukanyamaza?"

"Wewe ni mama mkwe wangu."

"Kwa hiyo nikielekea shimoni utaniambia 'ndiyo, mama'?" Akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Ukiniheshimu, nibishie. Mezani unaweza kuinama utakavyo. Karakanani mimi na wewe ni mafundi."

Asubuhi iliyofuata seremala alileta pipa la chuma, kuukuu lakini zito. Mama Kinu akataka bomba la kuingilia likae chini kidogo. Seremala akavuta pumzi. "Hapana, mama. Likikaa chini, maranda yakijaa yatalifikia mapema." Akasubiri mbingu ziporomoke. Mama Kinu alitafakari, akakubali kwa kichwa. Wakatoboa tundu lake juu.

Safari hii vilango vikafungwa vyote viwili na pipa halikutikisika. Seremala akafungua cha msumeno, akaomba unga, akaunyanyua mwenyewe. Ulitoweka kabla hajafungua vidole. Akapasua ubao mwekundu, wa pili, wa tatu. Alipofungua pipa, lilikuwa na rundo la maranda chini, na ndani ya mfuko pakawa na unga wa mbao kiasi cha kujaza kikombe tu. Alasiri jua lilipoingia dirishani, wote watatu walisimama kuutazama ule mwanga. Vumbi halikuisha kabisa, mbao ni mbao, lakini chembe zilikuwa za kuhesabika, na ukuta wa pili ulionekana wazi mpaka misumari yake.

Mwalimu akalichukua gauni lake siku mbili kabla ya harusi, akazunguka nalo mbele ya kioo, hakuona lolote la kusema ila asante. Wiki hiyohiyo binti akagundua kwamba kikohozi cha asubuhi cha mumewe, alichokizoea kama jogoo, kimepungua.

Daktari aliliona goti la Mama Kinu, akasema linapona vizuri, akauliza kama amepumzika. "Sana," akajibu bila kupepesa jicho. Angeweza kurudi kwake, lakini randa ilikuwa bado ina visu butu, na mashine ya kupiga msasa ilikuwa haijapata bomba lake. Akaongeza wiki mbili.

Seremala akamtengenezea stuli, ya juu kidogo, yenye mahali pa kuegemeza mguu, asiendelee kukaa kwenye kreti. Mama Kinu akaikalia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Mguu mmoja mfupi," akasema.

"Si mguu, mama. Ni sakafu."

Akateremka, wakaisogeza hatua mbili, akakaa tena. Ilitulia. Akainua uso kutaka kusema kitu, lakini seremala alikuwa tayari amewasha msumeno.