Jua la Tarehe ya Wote

Kampire alikuja Jumapili baada ya misa, na hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu tunaonana kila asubuhi na hakuna habari yetu iliyowahi kungoja Jumapili. Tangu tuliporudi kutoka Congo na kukaa hapa Gisenyi, mimi ndiye ninayetangulia kutoka. Nashuka njia ya mawe meusi, nagonga bati la lango lake, anatoka na beseni lake la karoti, mimi langu la kabichi za Mudende, tunakwenda pamoja mpaka Bariyeri Ndogo kuvuka kuuza Goma. Mvua ikinyesha tunagawana plastiki moja ya kujifunika. Pale mpakani wametuzoea hivyo. Akipita mmoja peke yake, wanamuuliza mwenzake anaumwa nini.

Siku hiyo alikuwa na kitenge chake cha sikukuu, kile cha tausi. Hakukaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, ambacho ni chake kabisa hata wajukuu wanajua. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mkoba juu ya magoti.

"Mama Valens," alisema. Ananiita hivyo kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. "Leo mi nimetumwa."

"Umetumwa? We unatumwa kwangu tangu lini?"

"Na watu wa nyumbani. Ni mambo ya Kwizera."

Kwizera ni mjukuu wake. Wangu ni Igihozo, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki akiwa bado ananyonya. Sisi wazee wawili ndio tuliowakutanisha, tukajifanya hatujafanya kitu, na walipopendana tukacheka mpaka tukashikana mbavu. Siku ya kuja kumwomba ilikuwa imeshapangwa. Ng'ombe wa mahari alikuwa ameshachaguliwa kule Kanzenze, mwenye doa jeupe kwenye paji. Igihozo ni fundi wa kushona, kwa hiyo mushanana wake, ile nguo yetu ya kufunga begani, alikuwa anajishonea mwenyewe, ya rangi ya chungwa bivu. Cherehani kilikuwa kinalia chumba cha pili wakati Kampire anaongea.

"Nyota zimekataa," alisema.

"Nyota gani?"

"Kuko mwalimu wa nyota kule Goma. Si mulozi, ni mutu wa kusoma. Tulimupa tarehe za watoto. Kwizera ni Kondoo, ni moto. Igihozo ni Mbuzi, udongo wa baridi. Bon, wakioana, baridi inazima moto. Kazi ya bwana inakufa, nyumba inakufa."

"Kampire, we ni mukristo."

"Na wale Mamajusi walifuata nini mpaka Betlehemu? Taa ya gari?"

Wakati mwingine wowote ningecheka. Nilisikia cherehani kimenyamaza.

Alinyanyuka, hata chai hakunywa. Akasema amemtumia Igihozo sauti ya yule mwalimu kwenye simu, ili mtoto asikie kwa masikio yake kwamba hakuna mtu mwenye kosa. "Ni mambo ya juu," alisema, akaonyesha dari kwa kidole. Mlangoni alinikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida. Nikahisi moyo wake unakwenda mbio, nikamhurumia. Nilifikiri, maskini, wamemtwisha mzigo huu mtu wangu.

Kesho yake tulivuka pamoja kama siku zote. Nilimwambia asijisumbue, kila kitu kina Mungu. Alinipangusa vumbi begani.

Igihozo hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliacha kula. Kitambaa cha chungwa kilibaki chini ya sindano ya cherehani, pindo limeshonwa nusu, na kila nilipofagia nilikizunguka. Kwizera hakupokea simu zake. Nikimwekea viazi na dodo, mchicha wetu wa hapa, anakoroga, anarudisha. Siku moja nilikuwa nachambua maharage uani, akaja akakaa chini kando yangu, akaanza kuchambua na yeye.

"Koko," alisema. Ananiita hivyo, kama watoto wa Goma wanavyowaita bibi zao. "Babu alikufa mimi niko tumboni. Halafu mama akakufa. Sasa na hii. Labda mi nilizaliwa na baridi yangu."

Mikono yangu ilisimama. Mtoto niliyembeba mgongoni, anayeamsha nyumba kwa kuimba, ananiambia maneno hayo kama mtu anayesoma bei ya sukari.

"Hebu nieleze hiyo Mbuzi," nikamwambia. "Polepole. Mi sijaelewa hata kidogo."

Alichukua utepe wake wa kupimia uliokuwa shingoni, akauzungusha juu ya ungo kama duara. "Hii ni njia ya Jua, mwaka muzima. Wameigawa vyumba kumi na viwili." Akaweka haragwe moja moja kuzunguka. "Hapa Kondoo, hapa Ng'ombe, hapa Mapacha, inaendelea hivyo. Siku unazaliwa, Jua iko ndani ya chumba kimoja. Hicho chumba ndiyo nyota yako ya Jua."

"Na mwezi je? Na wenyewe uko juu."

"Uko. Mwezi ni mambo ya moyoni, yale unaficha. Halafu iko nyota inayopanda mashariki saa ile unatoka tumboni, hiyo ni sura, vile watu wanakuona mlangoni. Lakini Jua ndiyo wewe mwenyewe, koko. Ni kama moto wa jikoni. Sufuria zote zinapikwa hapo. Yule mwalimu anasema mutu anaweza kubadilisha nguo, kazi, hata dini, lakini Jua lake habadilishi."

Niliutazama ule utepe. Nilipenda jinsi alivyoeleza, na niliona jinsi lilivyomwingia hilo neno la mwisho.

"Na chumba chako wamekijuaje?"

"Kwa tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ile ya kitambulisho. Moja, mwezi wa kwanza."

Mimi pia kitambulisho changu kinasema tarehe moja, mwezi wa kwanza. Mzee Sebahire wa jirani, vilevile. Rutagengwa anayepiga ngoma kanisani, vilevile, na mke wake. Tuliorudi kutoka ng'ambo, na wengi ambao hawakwenda popote, tulipoulizwa siku ya kuzaliwa na hatuna, tuliandikiwa hiyo.

"Basi mi na Sebahire na Rutagengwa tuna moto mumoja," nikasema. "Wilaya nzima ya Rubavu ni zizi la mbuzi."

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Lakini yangu si ni ya kweli, koko? Mama Kampire ndiye aliitoa. Na yeye ndiye alinipokea."

Nilichukua lile haragwe la Mbuzi, nikalishika.

Ndiyo, Kampire alimpokea. Ilikuwa Goma, siku ya Asomusiyo, Kupalizwa kwa Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane, kengele za kanisa zinalia, vumbi la kiangazi limejaa mpaka ndani ya maji ya kunywa. Kampire alimwosha kwa mikono yake, akachuja maji yale kwa upindo wa kitenge kwanza. Siku ya kumpa jina, watoto wa jirani walilima kale kashamba ka kujifanya kama desturi inavyotaka, wakala maharage kwenye jani la mgomba, na kila mtu akataja jina lake. Mume wangu alikuwa hajamaliza mwezi kaburini. Kampire alimwinua mtoto akasema, "Huyu ni Igihozo, ametumwa kukubembeleza," na majina mengine yote yakaanguka.

Na tuliporudi Rwanda, mimi nililazwa na malaria, ni Kampire aliyempeleka mtoto kuandikishwa. Alirudi anacheka. "Waliuliza siku gani, nikaona mustari ni murefu na we unatetemeka nyumbani. Nikawaambia muandike ile ya wote." Tulicheka pamoja. Hatukuwa watu wa keki na mishumaa. Tarehe ilikuwa kitu cha karatasi tu. Igihozo alikua akifurahia siku yake pamoja na mwaka mpya, na sikuona ubaya wake.

Labda amesahau, nilijiambia. Mtu akizeeka anasahau. Nilishikilia hilo neno.

"Nisikilizishe ile sauti," nikamwambia Igihozo. "Yote."

"Ni ndefu, koko. Mi niliishia pale anasema baridi."

"Yote."

Aliiweka juu ya ungo, kati ya maharage. Sauti ya mwanamume mpole, Kiswahili cha Goma. Alieleza Jua kama Igihozo alivyonieleza. Akaeleza Mbuzi: mvumilivu, mpanda milima, mgumu kuonyesha moyo. Akaeleza Kondoo. Akasema baridi na moto, na Igihozo akageuza uso. Sauti ikaendelea. Alikohoa, akanywa kitu, akasema:

"Sasa mama Kampire, narudia ile nilikuuliza. Hapa kwetu watu wengi wako na tarehe moja mwezi wa kwanza, na haiko ya kweli. Tarehe ikiwa ya uongo, hii kazi yote ni bure, Jua ni la mutu mwingine. Lakini we umeniambia ni ya kweli, umeapa, kwa sababu ulimupokea mutoto kwa mikono yako. Donc, nakuamini."

Igihozo alinitazama. Nilijifunga kitenge vizuri, nikatoka.

Lango lake lilikuwa wazi. Alikuwa ameinama anaosha karoti kwenye beseni la bluu. Aliponiona alifurahi kweli, na bado naiona furaha ile. "Karibu! Leo umenifuata jioni?"

"Kampire, Igihozo alizaliwa siku gani?"

Karoti ilibaki mkononi mwake, maji yanadondoka.

"Siku... si ni ile ya kitambulisho?"

"Siku gani?"

Aliangalia maji. "Asomusiyo," alisema.

"Na yule mwalimu alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Mara mbili."

Alifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akasema yote haraka, kama mtu anayetapika. Kwizera ana msichana Goma, huko anakofanya kazi. Ana mimba, na inaonekana. Ukoo wa msichana umekuja, mambo yamekwisha, atamwoa.

"Tangu lini unajua?"

"Mama Valens..."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Pasaka. Kitambaa cha chungwa tulikinunua baada ya Pasaka, na yeye ndiye aliyekichagua. Aliuvuta upindo kwenye mwanga, akasema hiki kitamwangaza mtoto uso. Asubuhi zote zile alikuwa anatembea kando yangu, ananiuliza nitapika nini siku ya wageni, tutaazima wapi viti.

"Ungekuja kuniambia," nikasema. "Ungekaa kwenye kigoda chako, ukaniambia kijana wangu ametenda uchafu. Tungelia wote."

"Ungenichukia! Ningekuwa bibi wa huyo mushenzi. Lakini nyota, nani anaweza kukasirikia nyota? Nilitaka Kwizera aende, na mi na wewe tubaki."

"Ukamwambia mtoto ameharibika tangu tumboni."

"Sikusema hivyo."

"Uliapa hivyo. We ndiye ulimpa jina, Kampire."

Alianza kulia. Alinishika mkono kwa vidole vyenye maji ya karoti. "Basi usimwambie. Nakuomba. Mwache aamini ni mbingu. Kukataliwa na mbingu hakuumi kama kukataliwa na mwanaume. Mi namfikiria yeye."

Nilipandisha njia taratibu, kwa sababu magoti yangu yanataka hivyo, na kwa sababu neno lake lilikuwa limeniingia. Labda ukweli ungemuuma zaidi. Angejua kwamba Kwizera alimgeuka, na kwamba mwanamke anayemwita mama alimsaidia. Nikimwacha na nyota, hao wawili watabaki wema moyoni mwake. Lakini nilikumbuka jinsi alivyosema, nilizaliwa na baridi yangu. Angeolewa na mwingine na baridi hiyo, angezaa nayo, kila mtoto akipata homa angejitazama yeye.

Alikuwa ananisubiri palepale kwenye maharage. Nilikaa, nikamwambia kila kitu: Asomusiyo, kengele, maji yaliyochujwa, msichana wa Goma, Pasaka. Sikupunguza, sikuongeza.

Aliuviringisha utepe wake kidoleni mpaka ukaisha. Kisha akauliza, "Na kile kitambaa, alinichagulia akijua?"

"Akijua."

Aliingia ndani. Nilisikia makasi. Aliporudi alikuwa na ile nguo ya chungwa, ameikata uzi pale ilipokuwa imeshikwa na sindano, akaikunja vizuri, kona kwa kona, akaiweka kwenye kigoda cha karibu na mlango. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, akamtukana Kwizera kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa, akamtaja Kampire na hakuweza kumtukana, akarudia jina lake tu. Nilimshika kichwa.

Baadaye alijipangusa, akachukua simu, akaandika siku ya Asomusiyo na mwaka wake. Niliona uso wake unabadilika.

"Mi ni Simba," alisema. "Ni moto." Akasoma tena, akacheka kicheko kibaya. "Koko, unajua wanasema nini? Simba na Kondoo wanapatana sana."

"Utamtumia Kwizera?"

Aligeuza simu kifudifudi juu ya ungo. "Hapana," alisema. Halafu, "Koko, iko chakula?"

Nilipasha viazi na dodo. Alikula sahani ya kwanza, akajipakulia ya pili.

Asubuhi nilibeba kabichi zangu nikashuka njia ya mawe meusi. Taa ya Kampire ilikuwa inawaka. Kupitia tundu la bati niliona beseni lake limeshapangwa, karoti zimesimama majani juu, na yeye amesimama nyuma ya lango, kitenge begani, anasikiliza hatua zangu. Nilipita. Bati lile najua linavyolia likigongwa. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, nikaurudisha kwenye beseni.

Bariyeri Ndogo waliniuliza mwenzangu anaumwa nini. Nikawaambia haumwi.